Hukumbemenda Shabani

Mama Rehema,

Watu wakiandika barua wanaanzaga kwa kuulizana hali. Wewe nikuulize hali gani? Upo kulekule tulikokuacha. Wiki iliyopita nilikuja kuongeza udongo upande wa miguuni, mvua ilikuwa imeula. Nilisimama pale nikiwa na maneno mengi, ila nikashindwa kuyasema, nikasoma Yasini nikaondoka. Ndiyo maana naandika. Nipo uani, nimekaa kwenye mbuzi yako ya kukunia nazi, daftari ni la Rehema. Unajua nimeishia la saba na mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo usicheke.

Miezi saba sasa tangu presha ikuangushe pale jikoni. Rehema ameingia kidato cha kwanza, amenipita mabega. Kupika tunapokezana. Ugali wangu anauita simenti, lakini anakula. Kuku wako wamebaki wawili. Kwa Mama Eliza jirani wamepandisha ukuta, kwa hiyo kile kiupepo chako cha mchana hakipo tena. Ndege za uwanjani bado zinapita juu ya bati letu, zikipita tunanyamaza, zikiisha tunaendelea na mazungumzo. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nisikilize.

Mwalimu wa Rehema alitaka cheti cha kuzaliwa. Nikavuta lile begi lako la bluu chini ya kitanda, ambalo miaka yote sijawahi kulifungua. Nikakuta cheti, nikakuta vitenge vyako viwili vya kutokea, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni umefungwa fundo, nikakuta kadi mbili za kliniki. Moja ya Rehema. Nilipoifungua, ya pili ilikuwa ndani yake, imekunjwa. Ya Shabani.

Mie nilijua ile kadi tulimzika nayo. Sijui kwa nini nilijua hivyo.

Nikaziweka kitandani, moja huku, nyingine huku. Nikafanya kile ambacho nina hakika na wewe ulikuwa unakifanya, nikawa nashusha kidole mstari kwa mstari. Sindano ya bega, wote wamepata. Matone ya polio, wote. Zile sindano za paja, wote. Surua Rehema amepata, Shabani alikuwa bado miezi yake haijafika. Halafu kwenye kadi ya Rehema kuna mstari wa matone mengine, ya kuharisha, umewekwa tarehe mara mbili kwa kalamu ya nesi. Kwenye kadi ya Shabani mstari huo haupo. Siyo kwamba uko mtupu. Haupo. Hawakuuchapa, maana kitu chenyewe hapa kwetu kilikuwa bado hakijaja.

Na pembeni ya mstari ule, kwenye kadi ya Rehema, kuna alama ya kucha. Karatasi imeparuzwa mpaka imeota manyoya. Hiyo kucha ni yako.

Hadija. Ulikuwa unajua. Miaka kumi na tatu ulilala juu ya hizo kadi na mimi pembeni.

Acha niyaseme yote, kuanzia mwanzo, hata yale unayoyajua, maana sijawahi kuyasema kwa mdomo wangu.

Shabani alikuwa na miezi minane. Ilikuwa Jumapili alipoanza kutapika. Mchana akaanza kuharisha, maji matupu, unambadilisha nepi ya kitambaa, hujamaliza kufunga, tayari. Wewe ulisema palepale, "Baba Shabani, tumpeleke hospitali." Ulisema mara ya kwanza, ukasema ya pili. Ya tatu ulikuwa umeshajitanda khanga na mtoto yuko mgongoni.

Dada yangu Zuhura alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tandika. Akamfungua mtoto mgongoni kwako, akamshika miguu, akaitikisa, ikawa imelegea. Akasema, "Huyu kabemendwa." Akakutazama wewe, akarudia, "Mtoto huyu kabemendwa, na mama yake anajua."

Nilivyokua mie, neno hilo lilikuwa linazima nyumba nzima. Kwamba mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya, akirudi na ule uchafu akamshika mtoto, mtoto anaharisha, anakonda, anakwisha. Hospitali hawaujui. Ni ugonjwa wa nyumbani, na una mwenyewe.

Ulinitazama. Ulikuwa unangoja niseme, "Dada, acha mambo yako." Sentensi moja tu.

Sikuisema.

Na hapa ndipo penyewe, Hadija, nimeandika mstari huu nikaufuta mara tatu. Aliyetoka nje alikuwa mie. Kulikuwa na mwanamke Tabata, nilikuwa napita kwake nikitoka kazini, tangu Shabani ana miezi mitatu. Dada aliposema kabemendwa, mie niliamini. Niliamini kabisa kwamba nimemuua mwanangu kwa mikono yangu. Na hofu ile ikanifanya nione wepesi dada alipoelekeza kidole kwako. Nikakiacha kidole hapohapo. Kisha nikakisukuma. Mie ndiye niliyesema, "Juzi ulikawia sokoni." Ulikawia sokoni kwa sababu ya mvua, na mie nilijua ni mvua, nilikuona ukirudi umelowa.

Tukampeleka kwa yule bibi wa dawa Mbagala. Akamwogesha mizizi. Akasema maziwa ya mama yameharibika, asinyonye. Nikakukataza. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka kule upande wa pili, mtoto analia kwangu, maziwa yanakutoka yenyewe yanalowesha khanga, na mie nakwambia, "Usimsogelee." Siku mbili. Mtoto mwenye kukauka maji, nikamnyima maziwa siku mbili.

Jumanne ulinipora. Hukuomba tena. Ulimchukua ukakimbia naye peku mpaka barabarani. Nilikufuata nyuma nikiwa natukana. Daktari alimbinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Akasema, "Mngemleta jana." Halafu akasema, nakumbuka kwa sababu alikuwa amechoka na wala hakututazama, "Msimu huu wanakuja wengi wa hivi." Alasiri hiyohiyo Shabani akaenda.

Wengi wa hivi. Wote wale mama zao walitoka nje? Sikujiuliza.

Baada ya matanga tukakaa kikao kwa dada, Tandika. Watu kumi na mbili kwenye sebule moja, na wewe peke yako chini. Ulisema neno moja tu, "Sijafanya." Ukalirudia mpaka sauti ikakauka. Nikamwambia mama yako, mzee wa watu aliyepanda basi kutoka Muheza kuja kuzika mjukuu, nikamwambia mbele ya wote, "Mwanao kaniulia mtoto, nenda naye." Na nikaongeza lile jingine. Nikasema kuanzia leo asisikike mtu anamwita huyu Mama Shabani.

Watu wakafuata. Mtaani wakawa wanakuita Hadija, kavukavu, kama msichana wa kazi. Mie nikabaki Baba Shabani. Dukani Baba Shabani, msikitini Baba Shabani, pole Baba Shabani. Nilipokea zile pole zote.

Baada ya miezi mitano nikakufuata Muheza. Unakumbuka nilisema nini kwa mama yako? Nilisema nimekusamehe. Nilikuja na kilo ya sukari na khanga, nikakaa kwenye kiti, nikakusamehe. Ukainama ukasema, "Ahsante."

Nikikumbuka hiyo ahsante natamani ardhi ipasuke.

Lakini kuna jingine ambalo hulijui. Hata kwenye begi lako halimo.

Miaka ile nilikuwa namwendesha Mzee Murtaza, yule mwenye kiwanda cha mafuta Mikocheni. Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi kazini, kazi ya kwanza nikatumwa uwanja wa ndege kumpokea binti yake, Fatema, anakuja kutoka Marekani na mtoto mchanga. Mtoto wa kiume, miezi minane. Nikawatoa uwanjani, tukapita karibu na mtaa wetu. Kwenye kioo nilikuwa namwona yule mtoto amelala mdomo wazi, mashavu yamejaa, nikashindwa kushika usukani vizuri, nikasimama pembeni.

Akaniuliza, "Hamisi, vipi?" Nikamwambia. Fatema alilia, sikudanganyi, alilia kwelikweli. Akauliza aliugua nini. Nikasema kutapika na kuharisha. Akasema hivi, "Huyu wangu walimpa matone kule kwa ajili ya ugonjwa huohuo. Watoto wote wanapewa. Nilimuuliza daktari wetu wa hapa kama na wa binamu zangu watapata, kasema Tanzania bado hayajafika."

Nikauliza, "Kwa nini hayajafika?"

Akasema, "Sijui, Hamisi. Ndivyo ilivyo."

Nikawasha gari nikawapeleka kwa bibi yake mtoto.

Unaona sasa? Wiki mbili tu. Ulikuwa bado upo Muheza na maziwa hayajakauka. Nilishaambiwa kwamba ni ugonjwa, ugonjwa kama mwingine, wenye dawa yake ya kuzuia, wala hauna mwenyewe. Ningegeuza gari siku ileile nikaja kukupigia magoti. Lakini kikao kilikuwa kimeshakaa na mie nilikuwa nimeshasema. Ningewaambia nini watu kumi na mbili? Nikalimeza. Na jinsi mtu alivyo, ukimeza kitu siku nyingi kinaanza kuonekana kama hakikuwepo.

Ila hasira haikumezeka. Imekaa mpaka sasa hivi ninapoandika.

Matone, Hadija! Sisemi mashine, sisemi hospitali ya ghorofa. Matone ya kuingia kwenye mdomo wa mtoto, akayameza, akalia kidogo, basi. Yule wa Fatema ameyameza na Shabani wangu hakuyameza, na wote walikuwa na miezi minane, wote walikuwa na meno mawili ya chini. Mmoja alipita juu ya bati letu ndani ya ndege. Ndege zile zinatua kila siku. Zinashusha watalii, zinashusha simu. Simu ikitoka leo huko kwao, mwezi haujaisha ipo Kariakoo, na ya feki ipo. Jezi ya timu ya Ulaya inavaliwa hapa Kiwalani kabla mchezaji mwenyewe hajaifua. Mpira wao tunautazama dakika ileile wanayocheza, goli tunalishangilia pamoja nao. Sasa iweje matone ndiyo yakose njia? Miaka na miaka yanazunguka huko, yanawafikia kwanza watoto wote wa huko, ndiyo wanakumbuka kwamba kuna kina Shabani?

Niliwahi kumsikia mtu redioni anasema chanjo ni ngumu kuzifikisha Afrika kwa sababu zinataka friji. Nilicheka peke yangu. Soda mbona inapata friji? Niende kijiji ambacho hata barabara haina, nitakuta soda, na ya baridi. Wakitaka kitu kifike, kinafika.

Ni nani aliyekaa akapanga, hawa waanze, wale wasubiri? Maana kusubiri siyo kusubiri tu, Hadija. Watu wanadhani kusubiri ni kukaa kwenye benchi. Sisi tulisubiri kwa kuzika. Na tukishazika tunatafutana uchawi, tunatafutana uzinzi, tunagombana wenyewe kwa wenyewe, na waliokaa kwenye kile kikao chao wala hawasikii. Kikao chao sikijui, sikualikwa. Cha kwetu nakijua, nilikiitisha mie. Kwa hiyo sijifichi nyuma yao. Wao walimnyima Shabani matone. Mie nikamnyima maziwa, nikamnyima hospitali, na wewe nikakunyima jina. Wao wana lao na mie nina langu, na langu halipungui kwa sababu la kwao ni kubwa.

Baadaye tukampata Rehema, baada ya miaka ile yote ya kukata tamaa. Siku moja ulirudi naye kliniki, mie nilikuwa naosha miguu pale bombani. Ukaniambia taratibu, kama mtu anayepima maji kwa kidole, "Baba Rehema, leo wamempa matone ya kuharisha. Yamekuja. Nesi kasema ugonjwa huo ndio uliokuwa unaua watoto miaka ile."

Ulikuwa umenifungulia mlango. Ungekuwa mwanamke mwingine ungenirushia ile kadi usoni. Wewe ukanipa nafasi niseme mwenyewe.

Nikakwambia, "Usinifukulie makaburi." Nikavaa ndala nikatoka.

Hukulisema tena mpaka presha ikakuchukua. Ulienda ukaweka kadi moja ndani ya nyingine, ukafunga fundo.

Sasa nikwambie kilichotokea wiki mbili zilizopita, maana ndicho kilichonikalisha hapa.

Seif, mtoto wa Dada Zuhura, alioa mwaka juzi, lakini wewe kwa dada ulikuwa hukanyagi. Mkewe anaitwa Asha, msichana wa Kigamboni, mcheshi, ungempenda. Wanakaa na dada palepale Tandika. Wana mtoto wa miezi mitano, Idrisa. Alhamisi Seif akanipigia simu. "Mjomba, mama anakuita. Kuna kikao. Mtoto anaharisha." Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nilikuwa nimeshaziona kadi siku nne kabla. Nilikuwa nalala nazo chini ya mto. Nikaziweka mfuko wa shati nikaondoka.

Sebule ileile. Makochi yamebadilishwa, lakini picha ya Kaaba ipo palepale na saa bado haitembei. Na chini, pale ulipokaa wewe, amekaa Asha. Amejikunyata, khanga kifuani imelowa. Mtoto yupo kwa dada. Dada akaniambia, "Karibu kaka. Umeyaona haya? Yaleyale. Hawa mabinti wa siku hizi hawajui kukaa na mtoto. Tumeshamwambia asimnyonyeshe."

Asha akasema, "Sijafanya, mjomba. Wallahi sijafanya."

Hadija, nilisikia sauti yako. Siyo kama yako. Yako.

Nikakaa chini, sakafuni, palepale karibu na Asha. Dada akasema, "Mbona unakaa chini wewe, viti vyote hivi?" Nikatoa kadi. Nikawaambia, "Mwanamume aliyetoka nje mwaka ule alikuwa mie. Hadija hakutoka. Mie ndiye niliyetoka, na nyie wote nikawaacha mmhukumu."

Seif alianza kutazama vidole vyake vya miguu. Dada akasema kwa sauti ya chini, "Hamisi, usitutie aibu mbele ya wakwe." Nikamwambia, "Aibu ilikuwepo siku zote, dada. Nilimvisha mtu isiyokuwa yake." Akaja juu, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyembemenda!" Nikasema, "Hapana! Hata mie sikumbemenda. Hakuna aliyembemenda. Ni ugonjwa, una chanjo, chanjo ipo, wenzetu walikuwa nayo zamani, sisi hatukuletewa. Mtoto wangu alikufa kwa kukosa matone na kwa ujinga wangu wa siku mbili. Huyu mmeshampotezea ngapi?"

Asha akajibu, "Tangu jana asubuhi."

Nikasimama, nikamtoa Idrisa mikononi mwa dada. Mara ya kwanza maishani namnyang'anya dada yangu mkubwa kitu. Nikamkabidhi Asha, nikamwambia, "Mnyonyeshe, mama. Mnyonyeshe huku tunaenda." Dada akapiga kelele, "Huyo mtoto akifa ni juu yako!" Nikasema, "Iwe juu yangu, nimeshazoea." Tukapanda bajaji, mie, Asha na Seif, mtoto kaling'ang'ania ziwa kama amekatazwa mwaka mzima.

Hospitali wakamtundikia maji, wakampa na ya kunywa ya paketi. Nesi, binti mdogo tu, akaomba kadi. Akaisoma, akauliza, "Mbona matone ya pili ya kuharisha hana?"

Asha akasema, "Tulienda zahanati mara mbili, dada. Mara ya kwanza wakasema zimeisha, mara ya pili wakasema bado zinasubiriwa kutoka nje."

Yule nesi hakumgombeza. Akasema, "Ni kweli, zilikuwa hazijafika." Akaandika.

Zinasubiriwa! Mpaka leo! Hadija, nilitoka nje nikashika nguzo ya veranda. Nilidhani lile neno limezikwa na Shabani. Mstari sasa upo kwenye kadi, wameuchapa, wametuwekea na nafasi ya tarehe, lakini ndani mtupu. Mikocheni kwenye hospitali ya kulipia nasikia zipo, na za magonjwa mengine ambayo kadi yetu haina hata mstari wake. Kwa hiyo kuna kadi nyingine, ndefu zaidi, za watoto wengine. Nani anatuamulia urefu wa kadi? Nikimpata nitamwonyesha hizi mbili zako na ile alama ya kucha, sitamwambia neno. Aitazame tu.

Niseme na haki. Yule nesi alinieleza kwamba hata mtoto aliyepata matone yote anaweza kuharisha, ila ugonjwa hauwi mkali hivyo, na cha kwanza ni kuwahi na kumnyonyesha. Kumnyonyesha. Aliposema hilo nilimwomba anipishe kidogo.

Idrisa alilazwa siku mbili. Katoka. Juzi nimemwona, ana makelele. Dada Zuhura hasemi na mie. Amemwambia Seif kwamba nimechanganyikiwa kwa ajili ya msiba wako. Lakini Asha kaniambia kitu kwa siri, kwamba dada siku hizi anamwosha mtoto mwenyewe, na juzi alimkuta amekaa na kadi ya Idrisa mkononi, na yule hajui kusoma. Sijui ina maana gani. Simtetei. Alisema yeye, lakini nilitia saini mie.

Rehema nimemwambia yote, na ya Tabata. Nilimkalisha hapahapa uani baada ya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Mama alijua kwamba ni wewe?" Nikasema sijui. Akasema, "Mie nadhani alijua." Siku tatu hakuniita baba. Ya nne nikakuta chai mezani, imefunikwa kwa kisahani kama ulivyokuwa unafunika wewe. Nikakaa nikainywa.

Ulijua, Hadija? Siku ile Muheza, uliposema ahsante, ulikuwa unajua? Siombi jibu. Hapana, naliomba, ila najua halipo.

Sikuombi msamaha pia. Mie nilishawahi kuutoa msamaha, nikiwa kwenye kiti, kwa mtu asiye na kosa, kwa hiyo naujua unavyoweza kuchezewa. Nakupa ahadi tu, na ahadi zenyewe ni chache.

Jumamosi nakwenda Muheza na Rehema. Mama yako bado anaona vizuri na masikio yapo. Nimempigia simu nikamwambia aite watu. Akauliza watu gani, nikamwambia walewale waliokuona ukirudishwa na begi kichwani. Akasema, "Njoo." Nitakwenda na kadi mbili. Sitakaa kwenye kiti. Nitasema hukumbemenda Shabani, nitasema ni nani aliyetoka, nitasema ulimkimbiza mtoto hospitali peku mie nikiwa nakutukana. Na mama yako akitaka kunizaba kibao, shavu lipo.

Ya pili, Idrisa atapata matone yake ikiwa umri unamruhusu bado, na kama umepita, basi yule atakayemfuata. Kila wakisema zimeisha nitakuwa nakwenda, nitakuwa nakaa pale mlangoni nauliza kwa sauti, zimeisha wapi, zimeisha kwa nani. Mwanamume mzima kwenye foleni ya kina mama. Wacha wanicheke. Nimeanza Jumatatu. Mama mmoja kaniuliza, "Baba, mtoto wako yuko wapi?" Nikamwambia nimekuja kumuulizia.

Kadi nitazirudisha kwenye begi, hivyohivyo, moja ndani ya nyingine, ila fundo silifungi tena.

Ndege imepita, nimengoja iishe. Rehema anarudi sasa hivi na sijabandika hata maji.

Mtaani nimeshawaambia, kuanzia kwa Mama Eliza mpaka dukani, wakikutaja wakutaje kwa jina lako. Wengine wapangaji wapya, hata hawakukujua, lakini wamesema sawa. Mie nimewaomba waniite Hamisi tu. Lile jingine nililing'ang'ania bila haki. Nitalipokea tena siku mama yako akiniita nalo mwenyewe, na asiponiita, hakuna shida, nitazeeka bila hilo.

Mwambie mtoto baba yake amesema.

Pumzika, Mama Shabani.

Hamisi